Panya wa maabara na asili ya uvimbe wa neva unaorithiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie mjadala uliojitokeza katika gazeti lako kuhusu matumizi ya wanyama katika utafiti wa magonjwa ya kurithi. Msomaji mmoja aliandika kwamba panya si mtu, na kwamba kumtia panya ugonjwa ambao kwa asili haumpati ni ukatili usio na faida yoyote. Sehemu ya kwanza ya hoja yake ni kweli, na watafiti wenyewe huikubali. Sehemu ya pili siikubali, na nitaeleza sababu zangu kwa kutumia ugonjwa mmoja ambao nimeufundisha darasani kwa miaka mingi na ambao umo pia katika ukoo wetu, yaani nyurofibromatosi aina ya 1.

Ugonjwa huu humpata takribani mtoto mmoja katika kila watoto 3,000 wanaozaliwa, na haubagui taifa wala rangi ya mtu. Daktari Mjerumani Friedrich von Recklinghausen ndiye aliyeonyesha mwaka 1882 kwamba vinundu vinavyoota kwenye ngozi ya wagonjwa hawa vinatokana na neva. Mtoto huanza kwa kuonyesha mabaka ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, kisha anapobalehe vinundu laini huanza kujitokeza, na kwa baadhi ya watu huendelea kuongezeka mpaka vikafikia mamia. Ulio mbaya zaidi ni uvimbe wa ndani, ule unaotambaa kufuata neva kubwa tangu utotoni, ambao unaweza kuuharibu uso, kuikandamiza njia ya hewa au kuubana uti wa mgongo. Katika maisha yao yote, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi hupata saratani ya neva, na mara nyingi saratani hiyo huanzia ndani ya uvimbe wa namna hii.

Ugonjwa huu hutokana na hitilafu katika jeni moja, na karibu nusu ya wagonjwa hawakurithi hitilafu hiyo kwa baba wala kwa mama, bali ilitokea upya kwao. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeshuhudia mama mwenye ngozi safi akisutwa na mawifi kwamba ameleta mkosi katika nyumba ya watu, na nimesikia mtoto akiitwa aliyerogwa. Mama huyo hakuficha kitu, na mtoto wake hakurogwa.

Jeni yenyewe, iliyopo kwenye kromosomu ya 17, iligunduliwa mwaka 1990 na makundi mawili ya watafiti wa Marekani, moja la Michigan na jingine la Utah. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo nyurofibromini, ambayo kazi yake kubwa ni kuizima protini nyingine, RAS, inayoiamuru seli igawanyike. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo. Mgonjwa kwa kawaida huzaliwa na nakala moja nzima na moja mbovu katika seli zote za mwili wake, na kwa mujibu wa fikra iliyotolewa na Alfred Knudson mwaka 1971 alipochunguza saratani ya jicho kwa watoto, uvimbe huanza pale seli moja inapoipoteza na ile nakala nzima iliyobaki.

Hata hivyo, kujua jeni si kujua seli. Mtaalamu akikata kipande cha uvimbe na kukitazama kwa darubini, haoni seli za aina moja. Huona seli za Schwann, ambazo kazi yake ni kuzifunika nyuzi za neva; huona fibroblasti zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoshikanisha tishu; huona seli za masti na makrofaji, ambazo ni seli za kinga zilizotoka kwenye damu; na huona seli za ala ya neva, zote zimechanganyika. Ni ipi iliyoanza, na ni zipi zilizoitwa baadaye? Je, ilianza mimba ikiwa changa, au mtoto akiwa ameshazaliwa? Mgonjwa hawezi kutujibu, kwa sababu anapofika hospitali uvimbe umekwisha kuwapo, pengine kwa miaka. Hapa ndipo panya alipohitajika, si kwa sababu anafanana na sisi katika kila jambo, bali kwa sababu kwake mtafiti anaweza kuanza kutazama kabla uvimbe haujaanza.

Mwaka 1994 makundi mawili ya Marekani yalitengeneza panya wenye hitilafu katika jeni hiyo. Panya waliokuwa na nakala moja mbovu hawakupata uvimbe wa neva wa aina tunayoiona kwa binadamu, ingawa baadhi yao walipata saratani nyingine walipozeeka. Waliokuwa na nakala zote mbili mbovu walikufa tumboni, wakiwa na umri wa karibu wiki mbili, kwa kasoro ya moyo. Kwa anayetafuta dawa ya haraka, hayo yalionekana kuwa matokeo ya kukatisha tamaa. Mimi nayaona kuwa ushahidi wenye thamani kubwa, kwa kuwa yalithibitisha kwamba nakala moja mbovu peke yake haitoshi, na kwamba jeni hii ina kazi katika kiinitete ambayo hakuna aliyeitarajia. Miaka mitano baadaye, mwaka 1999, maabara ya Tyler Jacks katika chuo cha MIT ilitengeneza panya mseto, yaani panya ambao baadhi tu ya seli zao zilikosa nakala zote mbili huku nyingine zikiwa nzima. Kwa panya hao uvimbe wa neva uliota, na uliota kutokana na zile seli zilizokosa nakala zote mbili. Fikra ya Knudson ikawa imepata ushahidi katika ugonjwa huu.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonivutia zaidi kama mwalimu. Kuna kimeng'enya kiitwacho Cre, ambacho hutafuta alama mbili maalumu katika DNA na kukiondoa kipande kilichopo katikati yake. Mtafiti akiiwekea jeni alama hizo kila upande, kisha akahakikisha kwamba kimeng'enya hicho kinatengenezwa ndani ya aina moja tu ya seli, jeni hufutwa katika seli hizo na kubaki salama kwingineko mwilini. Kwa njia hiyo maabara ya Luis Parada huko Dallas, Texas, iliiondoa jeni katika seli za Schwann peke yake, na mwaka 2002 ikatangaza matokeo yaliyobadilisha fikra za wengi. Panya ambao seli zao za Schwann zilipoteza nakala zote mbili, lakini sehemu nyingine zote za mwili zikabaki na nakala mbili nzima, walipata tu ongezeko dogo la seli katika baadhi ya neva. Panya ambao sehemu nyingine za mwili zilikuwa na nakala moja mbovu, kama zilivyo kwa mgonjwa wa kweli, walipata uvimbe kamili, na ndani yake zilijaa seli za masti.

Naomba msomaji aitafakari tofauti hiyo. Seli iliyoharibika ni ileile, na ilivyoharibiwa ni vilevile. Kilichotofautiana ni hali ya seli zinazoizunguka. Hakuna kipande cha uvimbe kilichokatwa kwa mgonjwa ambacho kingeweza kuonyesha jambo hilo, kwa sababu mgonjwa wa kawaida hana mwili wenye nakala mbili nzima ili alinganishwe na mwenzake.

Watafiti waliozitazama neva hizo kwa darubini ya elektroni waliona pia mwanzo wa uharibifu. Seli za Schwann zipo za namna mbili: zipo zinazouviringishia uzi mmoja mnene tabaka la mafuta, na zipo zinazozibeba nyuzi nyembamba kadhaa kwa pamoja, kama kiganja kilichoshika njiti, kila njiti katika nafasi yake. Hizi za pili, baada ya kupoteza nyurofibromini, huanza kuziachia nyuzi zilizokuwa zikizishika, na nafasi iliyobaki hujaa kolajeni na seli ngeni. Neva huanza kuharibika hivyo kabla kidole cha daktari hakijaweza kugusa uvimbe wowote.

Mwaka 2008 watafiti wa Indianapolis, wakiongozwa na Wade Clapp, walikwenda mbele zaidi kwa kubadilisha uboho wa mifupa, ambao ndio chimbuko la seli za masti, kwa panya ambao seli zao za Schwann zilikosa nakala zote mbili. Wale ambao sehemu nyingine za miili yao zilikuwa na nakala nzima walipopewa uboho wenye nakala moja mbovu, walipata uvimbe. Na wale wenye miili yenye nakala moja mbovu walipopewa uboho mzima, walikingwa. Dawa ya imatinibu, iliyokwishajulikana katika matibabu ya saratani ya damu, inazuia ishara ambayo seli za masti huitegemea, na kwa panya ilipunguza uvimbe. Mtoto mmoja wa miaka mitatu ambaye uvimbe ulikuwa ukiibana njia yake ya hewa alipewa dawa hiyo, na uvimbe ukapungua sana ndani ya miezi mitatu. Matumaini yalipanda. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wengi zaidi, ni wachache tu walioonyesha nafuu ya kupimika.

Katika mwaka huohuo maabara ya Nancy Ratner huko Cincinnati ilionyesha kwamba jeni ikifutwa mapema zaidi, katika seli changa ambazo baadaye huwa seli za Schwann, uvimbe huota hata kama mwili mzima una nakala mbili nzima. Wapo wanaoyachukulia matokeo haya mawili kuwa uthibitisho kwamba utafiti wa panya hujipinga wenyewe. Naona kinyume chake. Maabara hizi mbili ziliifuta jeni kwa nyakati tofauti na katika makundi ya seli yasiyolingana, na tofauti hiyo ndiyo inayotufundisha kwamba wakati wa hitilafu una uzito uleule kama hitilafu yenyewe. Ni somo ambalo baadaye linamhusu mtoto wa mtu, kwa sababu uvimbe unaotambaa kwenye neva kubwa hukua kwa kasi zaidi katika miaka ya utotoni.

Panya hao wa Cincinnati ndio waliofungua njia ya tiba. Kwa kuwa RAS isiyozimwa hupitisha amri yake kwa protini nyingine iitwayo MEK, watafiti waliwapa panya waliokwisha kuwa na uvimbe dawa ya kuizuia MEK, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba uvimbe ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 80 ya panya waliojaribiwa. Baada ya hapo ikaja dawa ya kundi hilohilo, selumetinibu. Katika ripoti ya mwaka 2016 kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani huko Bethesda, panya na watoto waliwekwa katika makala moja: uvimbe ulipungua kwa panya 12 kati ya 18, na kwa watoto 17 kati ya 24 ulipungua kwa asilimia 20 au zaidi ya ujazo wake wa awali. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya watoto 50, ambao 35 kati yao walipata upungufu wa kiwango hicho, na mwezi Aprili mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha selumetinibu kwa watoto wa kuanzia miaka miwili ambao uvimbe wao unaleta madhara na hauwezi kuondolewa kwa upasuaji. Ile dawa waliyopewa panya mwaka 2013, ambayo sasa inaitwa mirdametinibu, nayo iliidhinishwa Februari 2025 kwa watoto na watu wazima.

Kabla ya hapo, mzazi wa mtoto wa namna hii hakuwa na dawa yoyote iliyoidhinishwa kwa ajili ya uvimbe huo. Alikuwa na kisu cha daktari wa upasuaji peke yake, na kisu hakiwezi kuuondoa wote uvimbe uliojisokota ndani ya neva bila kuidhuru neva yenyewe. Sisemi kwamba dawa hizi zinaponya. Uvimbe mara nyingi hurudi kukua dawa inapoachwa, ngozi huwasha na kutoka vipele, tumbo huharibika, na bei yake iko mbali mno na uwezo wa familia nyingi za Afrika Mashariki. Ila mtoto aliyekuwa akilia usiku kwa maumivu akipata nafuu, hiyo ni faida, na siwezi kukubali isemwe kwamba haipo.

Haki inanitaka niseme pia panya walikotupotosha. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hupata shida ya kujifunza. Panya wenye nakala moja mbovu nao walionyesha shida hiyo, na mwaka 2005 maabara ya Alcino Silva huko Los Angeles iliripoti kwamba lovastatini, dawa ya kupunguza lehemu, iliwarejeshea uwezo wao. Watafiti wa Uholanzi walipowajaribu watoto kwa simvastatini, dawa ya jamii ileile, hawakuona maendeleo yaliyotarajiwa. Tena vinundu vya ngozi, ambavyo ndivyo vinavyowaaibisha watu wazima wengi mbele ya jamii, kwa muda mrefu vilikuwa vigumu kupatikana kwa panya, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya watafiti wa Marekani watengeneze nguruwe wadogo wenye hitilafu ya jeni hii, ambao huzaliwa na nakala moja mbovu kama mtu na hutokwa na mabaka yaleyale ya rangi ya kahawa. Mwandishi wa barua ile angeitumia mifano hii angekuwa na hoja yenye nguvu kuliko aliyoitoa.

Jambo jingine nalitaja kwa tahadhari. Mwaka 2021 watafiti wa St. Louis na wa Stanford walionyesha kwamba kwa panya wenye mwelekeo wa kupata uvimbe katika neva ya jicho, mwanga unaoingia jichoni huziamsha seli za neva, nazo hutoa kemikali inayoulisha uvimbe. Panya waliowekwa gizani katika kipindi fulani cha ujana wao hawakuupata. Ni ugunduzi mkubwa, kwa sababu unaonyesha kwamba neva yenyewe haikai tu ikisubiri kushambuliwa, bali kazi yake ya kila siku inashiriki katika kuuotesha uvimbe. Lakini nawasihi wazazi, kwa jina la Mungu, asitokee mtu akamfungia mtoto gizani. Mtoto anahitaji mwanga ili macho na akili yake vikue, na watafiti wale hawakutoa ushauri wa namna hiyo.

Kuhusu mateso ya wanyama, simlaumu msomaji yule kwa kuyajali. Waingereza William Russell na Rex Burch waliweka mwaka 1959 masharti matatu ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa maadili ya maabara: pale inapowezekana nafasi ya mnyama ichukuliwe na njia nyingine, idadi ya wanyama ipunguzwe, na maumivu yapunguzwe. Kwa ugonjwa huu njia nyingine zimeanza kupatikana. Seli za ngozi au damu za mgonjwa zinaweza kurudishwa katika hali ya uchanga na kukuzwa zikawa seli za Schwann ndani ya sahani, na sheria ya Marekani ya mwishoni mwa mwaka 2022 iliondoa ulazima wa kila dawa kujaribiwa kwa mnyama kabla ya kujaribiwa kwa mtu. Nayafurahia mabadiliko hayo. Hata hivyo, sahani haina uboho wa mifupa unaotuma seli za masti, wala haina neva ndefu inayopeleka ishara kutoka jichoni, na tumeona kwamba mambo hayo mawili yana mchango katika uvimbe. Kwa hiyo naunga mkono panya watumike kwa maswali yale tu ambayo sahani haiwezi kuyajibu, wapewe dawa ya maumivu, na uvimbe wao usiachwe ukue kupita kiwango ambacho kamati ya maadili imekiweka kabla ya jaribio kuanza.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, nina ombi. Gazeti linapoandika kwamba dawa ya ugonjwa fulani imepatikana, na habari yenyewe imetoka maabara ya panya, liandike wazi kwamba ni panya. Jeni iliondolewa katika seli zipi. Dawa ilitolewa kabla uvimbe haujaota au baada. Na ni panya wangapi walioonyesha nafuu kati ya wangapi. Wapo wanaosoma habari hizo wakiwa na mgonjwa nyumbani, na huuza mbuzi au shamba kwa sababu ya kichwa cha habari.

Nawaomba pia wazazi na walimu wenzangu waikague ngozi ya mtoto. Mtoto ambaye hajabalehe akiwa na mabaka sita au zaidi ya rangi ya kahawa, kila moja likiwa na upana unaozidi milimita 5, apelekwe kwa daktari, na macho yake yapimwe kila mwaka hata kama anasema anaona vizuri, kwa kuwa uvimbe wa neva ya jicho huweza kuanza kabla mtoto mwenyewe hajajua kwamba uoni wake umepungua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Tanga.